Dada, Nijaze Jiolojia au Uinjinia?

Wadogo zangu, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu hailali. Swali linalokuja zaidi ni moja: "Dada, nina PCM, nijaze sayansi au uinjinia?" Safari hii binti mmoja wa upande wa Rhotia ameniandikia kwa kirefu, na amekubali nimjibu hapa ili na wengine mpate. Baba yake anataka uhandisi wa ujenzi. Mama anataka ualimu wa fizikia, ajira ipatikane mapema. Yeye mwenyewe anataka jiolojia, kwa kuwa tangu shule ilipowapeleka Oldupai hajaacha kuokota mawe. Ana divisheni wani nzuri tu, lakini anaogopa kumvunja moyo mzee.

Mdogo wangu, hongera kwanza. Halafu tuliza moyo, maana kati ya hao wawili hakuna anayekutakia mabaya. Mmoja ameangalia heshima, mwingine ameangalia ajira, na vyote viwili ni vitu vya kuangaliwa. Ila hakuna aliyekueleza kazi yenyewe inafanywaje kutwa nzima. Wengi wanachagua jina, wanakutana na kazi wakiwa mwaka wa pili au wa tatu kwenye fildi, na wakati huo kurudi nyuma ni gharama.

Tuanze na kitu ambacho nyote mmekiona: meno ya kahawia.

Ukanda wetu wa kaskazini una chemchemi na visima vingi vyenye floraidi kupita kiasi. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yake ya utu uzima yanajengeka ndani ya fizi, yataota yakiwa na madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki wala kwa dawa ya dukani. Kiwango kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo inaharibika, viungo vinakakamaa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na huku kwetu kuna vyanzo vinavyokivuka kikomo hicho mara kadhaa. Kuchemsha hakusaidii. Mvuke unaondoka, floraidi inabaki sufuriani.

Mjiolojia au mkemia akikutana na kisima kama hicho, anauliza: floraidi hii imetoka wapi, na kwa nini iko kwenye kisima hiki na si kile cha ng'ambo ya korongo? Jibu linaanzia kwenye volkano. Mvua inapenya kwenye lava na majivu ya zamani, na njiani inayeyusha floraidi iliyomo. Maji yale yangekuwa na kalisi ya kutosha, kalisi ingeikamata floraidi na kuigeuza kuwa chembe za jiwe, ikabaki huko huko chini. Lakini maji mengi ya Bonde la Ufa yana magadi: sodiamu tele, kalisi haba. Kwa hiyo floraidi inasafiri ikiwa imeyeyuka mpaka kwenye ndoo yako. Kisha watafiti wakakutana na jambo la ajabu zaidi. Kulikuwa na watoto ambao meno yao yalikuwa mabaya kuliko maji yao yalivyostahili kuyafanya. Swali hilo likafuatwa mpaka jikoni, ikaonekana kwamba magadi tunayotia kwenye makande ili maharage yaive upesi nayo yana floraidi. Mtu aliyeifanya kazi hiyo hakutengeneza kitu cha kushika mkononi. Alikataa jibu rahisi, akakaa na "bado sijui" kwa muda mrefu bila kubabaika. Kama hali hiyo inakutesa, sayansi itakutesa. Kama inakupa hamu ya kuamka asubuhi, endelea kusoma.

Mhandisi anakuja na maswali mengine kabisa. Pale Ngurdoto, Arumeru, kuna kituo ambacho kwa miaka mingi kimeshughulika na kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkemia ameshasema kwamba mfupa una madini yanayoikamata floraidi. Vizuri sana, lakini mfupa uchomwe kwa joto gani? Ukiuchoma kwa joto dogo, maji yanatoka na rangi na harufu, na mama atayamwaga. Ukizidisha moto, mfupa unapoteza nguvu ya kukamata. Tanuri linatakiwa lishikilie nyuzi 400 mpaka 500 hivi, na lishikilie kila siku, hata siku ambayo fundi mzoefu hayupo. Kaya ya watu saba inahitaji kilo ngapi? Chujio litachoka baada ya lita ngapi, na nani atajua limechoka, wakati floraidi haina rangi wala harufu? Mifupa inatoka machinjio gani, na mwenye nyumba mwenye shaka kwamba imechanganyika na ya mnyama asiyemla, atakubali kunywa? Nani analipa chujio la pili? Mhandisi hawezi kungoja mpaka kila kitu kijulikane, kwa sababu watoto wanakunywa leo. Anachukua kinachojulikana, anaongeza kiasi cha usalama juu yake, anaamua, anaweka sahihi.

Hiyo sahihi ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, na inanisikitisha kwamba wanafunzi hawaelezwi. Hapa Tanzania huwezi kufanya kazi kama mhandisi bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Ukimaliza miaka yako minne ya chuo hujawa mhandisi kamili bado. Unasajiliwa kama mhitimu, unafanya kazi chini ya uangalizi wa waliokutangulia kwa miaka mingine mitatu hivi, ndipo unaomba usajili wa juu. Bodi ina mpango wa mafunzo hayo tangu 2003. Baada ya hapo jina lako linakaa kwenye mchoro. Tangi likipasuka, daraja likiinama, watu wanafungua mchoro na kusoma jina. Mwanasayansi naye akikosea anaumiza, lakini kosa lake kwa kawaida linakutana kwanza na mwanasayansi mwenzake anayerudia kipimo, kabla halijamfikia bibi anayeteka maji. Kosa la mhandisi linaweza kumfikia bibi moja kwa moja.

Kwa hiyo, mdogo wangu, swali la heshima liache kando. Jiulize uko tayari kubeba mzigo gani: wa kuamua kabla hujajua yote, au wa kusubiri wakati kila mtu anakuharakisha.

Na msidhani hizi ni kambi mbili zisizosalimiana. Nendeni Laetoli, humo humo ndani ya Ngorongoro. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita, kwenye majivu ya volkano yaliyolowa mvua kisha yakawa magumu. Njia yenyewe ina urefu wa karibu mita 27. Umri ule haukukisiwa. Ulipimwa kwa fizikia na kemia ya chembe za potasiamu zinazogeuka polepole kuwa gesi ya agoni ndani ya jiwe. Walipokwisha kuzipima nyayo na kuzinakili, wakazifukia ili zisiharibike. Kumbe udongo uliotumika kufukia ulikuwa na mbegu za migunga. Migunga ikaota juu ya urithi wa dunia nzima, mizizi ikaanza kushuka.

Ikabidi miaka ya 1995 na 1996 Idara yetu ya Mambo ya Kale ishirikiane na taasisi ya Getty ya Marekani kufukua tena, kuondoa mizizi kwa uangalifu, na kufukia upya kwa matabaka: mchanga uliochekechwa, vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi, na mawe juu yake ya kuzuia mmomonyoko. Someni habari hiyo vizuri. Kujua kwamba nyayo ni za miaka milioni tatu na ushei hakukutosha kuzilinda. Ilihitajika elimu ya udongo, ya maji yanapita wapi, ya kitambaa kitadumu miaka mingapi chini ya ardhi.

Halafu ikawa kinyume chake. Ulipokuja mpango wa kujenga makumbusho pale Laetoli, mtu mwenye haraka angesema leteni katapila. Badala yake walipelekwa kwanza wataalamu kuchimba mashimo ya majaribio, kuona kama chini kuna kitu. Mwaka 2015 Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao, wakakuta nyayo nyingine, mita 150 hivi kutoka zile za kwanza. Taarifa yao ilichapishwa Desemba 2016. Msingi wa jengo ungetangulia, leo tusingekuwa nazo. Mimi nikipita na wageni upande ule huwa nawasimulia hiyo kabla ya kuwasimulia habari za simba.

Yuko pia mtu wetu wa hapa hapa aliyezishika zote mbili. Askwar Hilonga amezaliwa Gongali, wilaya ya Karatu, kijijini ambako maji ya kunywa yalikuwa shida kama vijiji vingine. Akasoma hadi shahada ya uzamivu ya uhandisi wa kemikali huko Korea Kusini, akabobea kwenye chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, akarudi kufundisha Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha. Chujio lake linaanza na mchanga, kitu cha kawaida kabisa, kisha linaongeza chembe zile zilizochaguliwa kulingana na uchafu uliopo kwenye maji ya mahali husika: kama ni floraidi, kama ni metali, kama ni kingine. Mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza kabisa wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Taasisi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, na kitita cha pauni 25,000. Kampuni yake akaiita kwa jina la kijiji chake. Ninachopenda kwake si tuzo. Ni kwamba alianza na kuuliza maji haya yana nini hasa, ndipo akajenga.

Sasa nizungumzie jambo ambalo lingekuwa ndani ya uwezo wangu ningelibandika kwenye ubao wa matangazo wa kila shule yenye kidato cha tano na sita. Milango hii miwili haifunguki sawa. Aliyesoma uhandisi akitaka baadaye kuhamia sayansi kwa shahada ya uzamili, mara nyingi anapokelewa. Hesabu na fizikia anazo. Aliyesoma shahada ya fizikia au kemia tupu akitaka baadaye kusajiliwa kama mhandisi, atakwama, kwa sababu bodi inadai shahada ya uhandisi yenyewe. Wengi wanaambiwa "soma sayansi kwanza, uinjinia utaongeza mbele." Hauongezwi hivyo. Kama una uhakika unataka kujenga, jaza uhandisi tangu mwanzo. Kama huna uhakika kabisa, na hisabati zako ni imara, uhandisi unakuachia nafasi pana zaidi ya kubadili mawazo.

Lakini usiende huko kwa sababu hiyo peke yake. Miaka minne ya michoro, karakana na maabara kwa mtu ambaye moyo wake hauko ni mirefu, na sapu zikianza kurundikana, kudisko kunakuja kimya kimya. Wala msikimbilie sayansi mkidhani mnakwepa hesabu. Fizikia ya chuo ina hesabu nyingi kuliko kozi nyingi za uhandisi.

Mshahara? Kila upande una wenye kazi nzuri na wenye vyeti kabatini. Wajiolojia wako migodini Geita na kwenye utafiti wa maji ya chini ya ardhi; wakemia wako kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na viwandani; wahandisi wako kila penye saruji na nondo, na wengine wako nyumbani wakisubiri. Sitasema zaidi ya hapo, maana anayekuahidi mshahara wa miaka minne ijayo anakudanganya.

Turudi kwa binti wa Rhotia. Nimesoma barua yako mara mbili. Habari za mawe ya Oldupai umeziandika mistari michache. Ukurasa mzima umeandika kuhusu korongo lililo nyuma ya shamba lenu: kwamba wewe na kaka yako mlichomeka vigingi ukingoni, mkapima kila baada ya masika limesogea hatua ngapi, kwamba linameguka upande wenye udongo mwekundu laini na kusimama penye jiwe gumu, kwamba ulimuuliza mwalimu wa jiografia na jibu lake halikukutosha. Katika ukurasa huo wote hujaandika hata mara moja ungelizuiaje. Mdogo wangu, wewe ni mjiolojia. Usiombe radhi kwa hilo.

Linganisha na kijana mwingine aliyeniandikia kutoka Mang'ola, kwenye vitunguu. Yeye hajauliza maji ya chemchemi yametoka wapi. Amelalamika kwamba mashamba ya chini yanafikiwa na maji usiku wa manane, akachora mifereji yote, akapanga zamu mpya, akapendekeza lango dogo la mbao kwenye njia panda ya mfereji. Huyo aende uhandisi wa umwagiliaji, ama Sokoine pale Morogoro, ama Chuo cha Maji, ama Chuo cha Ufundi Arusha, na asichelewe.

Mnaona ninavyofanya. Siangalii mtu anasema anapenda nini. Naangalia alichokifanya bila kutumwa na mtu. Kaa chini na daftari, andika mambo matatu uliyoyahangaikia mwenyewe bila mtihani wala zawadi, kisha mpe mtu anayekufahamu asome.

Kwa baba, binti yangu, usiende kubishana. Msalimie, kaa naye jioni akiwa ametulia, mwoneshe kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna jiolojia na kuna pia jiolojia ya uhandisi, kazi ya watu wanaosema mlima huu utalibeba bwawa au utaliangusha. Barabara yetu ya lami inapanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu. Kabla ya lami kumwagwa lazima mtu aliyeijua miamba aseme ule ukuta unaaminika wapi. Mwambie mzee kwamba injinia mwenye akili hamwagi zege kabla mjiolojia hajasema neno. Na kabla ya kujaza jiolojia ya uhandisi, uliza bodi ya wahandisi kama wahitimu wake wanasajiliwa, ili usimwahidi kitu usichokuwa na hakika nacho. Mama naye mjibu kwa heshima: ualimu ni kazi njema, lakini ni kwa anayependa kufundisha, si kwa anayekimbia hofu ya ajira.

Wasichana, neno moja. Mtaambiwa kuwa saiti si mahali pa mwanamke na kwamba kulala porini na kundi la wachimbaji wa sampuli hakufai. Usalama wenu ni swali la haki, uulizeni waziwazi kila mnakopangiwa fildi: tunalala wapi, msimamizi ni nani, usafiri ni upi. Jibu likiwa bovu, ombeni pengine. Msiliache somo.

Mliosoma PCB au CBG na hamna Hisabati ya Juu, uhandisi mwingi umefungwa kwenu, na ni heri mjue leo kuliko baada ya kulipa ada za maombi. Ila wilaya hii inawahitaji: afya ya mifugo, misitu ya vyanzo vya maji juu ya Karatu, wanyamapori. Mweka wanafundisha uhifadhi tangu 1963. Na ambao alama hazikutosha shahada, stashahada ya Chuo cha Ufundi Arusha imewatoa mafundi sanifu wazuri, na wengi waliendelea hadi shahada.

Kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, fanyeni hivi. Someni wenyewe mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, ukurasa wa sifa za kila kozi, msisomewe na mtu wa steshenari. Kuuliza si ujinga: nendeni ofisi ya maji, nendeni kwa wahandisi wa wilaya, ombeni mkae siku nzima mkiangalia, si saa moja. Mwenye matokeo ya juu ya sayansi aangalie ufadhili wa Samia ulioanza 2022, na kila mmoja aombe mkopo kwa wakati, kwa vyeti vilivyohakikiwa. Bumu likichelewa, mwenye nyaraka kamili ndiye anayesikilizwa.

Na ukichaguliwa vyuo viwili au zaidi, thibitisha kimoja ndani ya siku zilizotangazwa. Usisubiri mjomba arudi safari, usisubiri kikao cha ukoo. Nafasi isiyothibitishwa anapewa mwingine.